Kasma ya Kumi na Nne

Mimi ndiye niliyeikata. Nianze hapo,
maana mhasibu akizunguka sana, ujue anaficha kitu.

Ilikuwa Januari, Daugavpils. Mto umeganda,
wanaume wamekaa juu yake na ndoano na chupa za chai,
nami ghorofa ya tatu, Ofisi ya Kumbukumbu za Ardhi,
napiga hesabu ya kuuhamisha mji mzima
kutoka droo za mbao kwenda kwenye kioo.

Seva mbili: sawa. Leseni mia na kumi: sawa.
Nyaya. Kiyoyozi, ili mashine zisipate joto
(sisi tulikuwa tumevaa makoti).
Mtaalamu kutoka Riga, hoteli yake, kifungua kinywa chake.
Kisha kasma ya kumi na nne:
*Watu. Mafunzo, muda wa kujifunza, mbadala wa zamu.*
Euro elfu kumi na tisa.

Mkurugenzi, Bwana Vilnītis, aliigusa kwa ncha ya kalamu
kama anayegusa nyama kujua kama imechacha.
"Watu si tunao tayari? Na mshahara tunawalipa."
Nikacheka. Nikapiga mstari.
Jumla ikajikunja chini ya ukurasa, ikalala kama paka.

Siku ya kwanza ya mfumo mpya tulikata keki.
Siku ya pili foleni ilishuka ngazi hadi barabarani,
na Skaidrīte, miaka thelathini na mmoja kaunta namba mbili,
ambaye kwa kunusa tu huijua kadi iliyowahi kulowa mafuriko,
alikitazama kioo, kioo kikamtazama,
kila mmoja akimngoja mwenzake aanze.
Mzee mmoja aliyetaka hati ya bustani yake
akamwambia, kwa upole, "Binti, fungua tu droo."
Droo tulikuwa tumezifunga kwa kufuli.
Kufuli zilikuwa na kasma yake.

Kufikia Machi taarifa yangu ilisema asilimia tisini na nane.
Haikusema ya nini.

Jioni moja nilirudi kuchukua glavu.
Taa ya masijala inawaka. Saba wamezunguka mashine moja,
Skaidrīte katikati na daftari la shule lenye farasi kwenye jalada.
Anzelms wa vipimo anauliza swali lilelile mara ya nne
na hakuna anayeshusha pumzi.
"Bonyeza. Haiumi.
Ukikosea, kitufe hiki kinarudisha ulikotoka.
Laiti ningekuwa nacho siku ya harusi yangu."
Wakacheka. Sahani ya biskuti ikapita.
Niliondoka bila glavu.

Juni aliniwekea bahasha mezani. Risiti:
biskuti za tangawizi, kahawa, madaftari sita,
teksi ya Regīna usiku alipokosa basi la mwisho.
Euro mia mbili na kumi na nne, senti sitini.
"Sidai," akasema. "Nataka tu ziandikwe mahali."

Mali bila daftari hupotea bila habari;
hilo nililijua kabla sijajua kunyoa ndevu.
Ila jioni je? Jioni arobaini na tatu
za watu waliokuwa na supu zinapoa nyumbani,
nazitafutia safu gani?
Nilijaribu Vifaa vya Ofisi. Nikajaribu Mengineyo.
Mengineyo! Nikafuta, mkono unaniwasha.

Sasa ni Novemba, tena bajeti. Awamu ya pili,
idara ya vipimo, mashine mpya, mtaalamu yuleyule, hoteli ileile.
Nimefungua jedwali tupu, na juu kabisa,
kabla ya seva, kabla ya waya wa kwanza, nimeandika:
*Kasma ya kwanza. Biskuti, na muda wa kuzila.*

Vilnītis ataleta kalamu yake. Najua.
Kiasi bado sijajaza.
Kishale kinapepesa ndani ya kisanduku, hakina haraka,
kama Skaidrīte akimngoja Anzelms
aulize mara ya tano.